Moto wa makaa

Kwa miaka 9 nilikwepa macho ya dada yangu. Nilikula pesa alizonipa nimlipie mama hospitali, nikamdanganya kwamba nimeibiwa. Nilitubu mara nyingi, lakini kila usiku nilijishtaki upya.

Kilichonifungua ni Yohana 21. Petro alimkana Yesu mara 3 akiota moto wa makaa. Baada ya kufufuka, Yesu anamngoja ufukweni, moto wa makaa tena, samaki juu yake. Anamlisha kwanza, ndipo anamuuliza mara 3: wanipenda? (Mimi ningeanza kwa kumsuta.)

Jumapili hiyo nilimpigia dada, nikamwambia yote. Alinyamaza mpaka nikadhani simu imekatika.

"Nilijua, mdogo wangu. Nilikuwa nakungoja."