Kizibo cha Soda

"Baba, mbona huyu askofu wangu hana kazi?"

Binti yangu anacheza sataranji kwenye simu, kashika weusi, na amefungua kwa Ulinzi wa Kifaransa bila kujua jina lake: mweupe kasukuma askari hadi mraba wa e4, yeye wake hadi e6. Nikachungulia. Askofu wa c8 kabanwa nyuma ya askari wake mwenyewe, kama abiria wa kiti cha mwisho kwenye matatu. Nikacheka peke yangu. Mimi askofu huyo nilimjua akiwa kizibo cha soda.

Ami alijifunza sataranji melini, enzi za ubaharia wake, na kete moja ilibaki huko huko. Mahali pake aliweka kizibo, kimegongwa kikalala bapa, kutu ukingoni.

Likizo ile nilikuwa kidato cha pili. Barazani kwake Mombasa, kila baada ya Alasiri, nilifungwa mpaka akanihurumia, akanifundisha. Mweupe akisukuma askari hadi e5 anapata nafasi, anamnyima farasi wako f6, na jicho lake liko kwa mfalme wako. Wewe usihangaike na e5. "Mnazi huuangushi kwa kukata makuti," alisema. "Chimba shinani." Shina ni askari wa d4, anayemlinda yule wa e5. Basi askari c5, farasi c6, malkia b6, wote wamwandame askari wa d4. Akanipa na kisa cha watu wa Paris walioijibu e4 kwa e6 walipocheza na London kwa barua, 1834, jina la Kifaransa likabaki.

Siku hiyo tulikuwa tumeshalana askari pale d4, naye kamtoa askofu hadi d3. Nikahesabu, nikarudia. Wanaomshambulia askari wa d4 ni wawili, farasi na malkia. Anayemlinda ni mmoja tu, farasi wa f3, maana askofu wa d3 kamziba malkia wake mwenyewe. Mzee kapitiwa! Nikala kwa farasi. Akamla farasi. Nikala kwa malkia, nikamgongesha ubaoni ili hata wapita njia wasikie.

Ami hakusema kitu. Akamimina kahawa, akapiga funda moja, akapangusa ukingo wa kikombe kwa kidole gumba. Kisha akamsogeza askofu kutoka d3 hadi b5, taratibu, kama anayefungua mlango usiku asiwaamshe watoto.

"Cheki."

Nyuma ya askofu aliyeondoka, njia nyeupe: malkia wake d1, wangu d4. Mfalme wangu kashambuliwa, lazima nimwokoe kwanza, na malkia ataliwa. Masikio yakanipata moto.

Akarudisha kete nyuma kidogo, akakisukuma kizibo hatua moja, c8 hadi d7, akanitazama. Kingekuwa pale kabla sijala, cheki isingekuwapo. Mweupe angebaki kumlinda yule askari, au kumwachia tu, aweke mfalme ngomeni na kuwahi kutoa kete zake. Wapo wanaopenda kumwachia.

Mpaka leo sijui kama nilimsahau kwa kuwa ni yule askofu anayesemwa vibaya na kila mtu, au kwa kuwa alikuwa kizibo. Na ami, aliyeona yote tangu mapema, kwa nini hakunionya? Sikumuuliza, na sasa hayupo.

Kwenye simu, askofu mweupe kashafika d3. Kidole cha binti yangu kinaelea juu ya farasi. Nikakohoa.

"Baba," akasema bila kugeuka, "usikohoe."