Kiyoyozi cha 950,000 kilichonigharimu 1,370,000

Oktoba hii Tabora imetukaanga mpaka mama akahamia kulala barazani. Nikasema liwalo na liwe, naweka kiyoyozi chumbani kwake. Dukani 950,000, cha inverta (kinajipunguza kasi chenyewe chumba kikipoa), nguvu ya kupoza BTU 12,000. Nikalipa, nikadhani yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Fundi 120,000. Bomba za shaba za kwenye boksi ni mita 3, sisi tunahitaji 6, na kila mita ya ziada 35,000. Waya mnene na breka yake 110,000. Vyuma vya kukalia kile chombo cha nje 45,000. Kutoboa ukuta wa tofali za kuchoma na kuuziba tena, 40,000 (hapo nilikaribia kutoboa mwenyewe kwa jembe).

Halafu LUKU, umeme wa kulipia kabla. Tulikuwa kwenye ile bei ya shilingi 100 kwa uniti, ya wasiozidi uniti 75 kwa mwezi. Tumeshaiaga.

Mdogo wangu yuko Uingereza, nilipomsimulia akacheka. Kwao wanafunga mashine hiyohiyo ila inafanya kazi kinyume: inavuta joto la nje, hata kwenye baridi, inaliingiza ndani. Pampu ya joto. Serikali inawapa ruzuku ya pauni 7,500 na bado watu wanalia bei! Mimi ruzuku yangu ni kidumu cha asali alichotuletea mjomba.

Na mama? Saa nne usiku anakizima, anafungua dirisha. Eti kinamkausha koo.