Taa ya saa kumi na nusu alfajiri

"Taa bandani ni ya kuwafanya kuku wale chakula usiku." Maneno haya nimeambiwa na kila mtu hapa Dodoma, kuanzia muuza vifaranga hadi jirani yangu ambaye hajawahi kufuga hata bata. Ushahidi wa kuyapinga ninao, na unatembea kwa kupapasa bandani kwangu Nala.

Ni tetea aliyepona ndui akiwa mdogo lakini macho yote mawili yakaenda. Mama watoto alitaka tumchinje, mimi nikamtengea kizimba, maji na chakula pale pale kila siku. Nilipoweka taa na wenzake wakachangamka kutaga, naye akataga. Taa hana macho ya kuiona, na chakula anakipata kwa mdomo mchana na usiku. Sasa?

Ndege ana chembe za kupokea mwanga ndani kabisa ya ubongo, sehemu iitwayo haipothalamasi. Mwanga unapenya manyoya, ngozi na fuvu, chembe hizo zinapima urefu wa siku, kisha homoni za uzazi zinaamshwa. Mfaransa Jacques Benoit aliligundua hilo kwa bata katika miaka ya 1930. Mwaka 1970 Michael Menaker na wenzake kule Texas wakaja na kituko zaidi: shomoro wengine waliwanyonyoa kichwani ili mwanga upite, wengine wakawadunga wino mweusi chini ya ngozi ya kichwa ili kuuzuia. Walionyonyolewa korodani zikakua, wa wino zikalala, na macho yao yalikuwa mazima!

Hapa kwetu siku fupi za mwezi wa sita zina mwanga wa saa 11 na dakika 45 hivi, na za Desemba hazifiki saa 12 na nusu. Kuku wa mayai anataka saa 14 hadi 16. Lazima umwongezee.

Fundi mmoja akaniuzia balbu za bluu, eti zinatuliza kuku. Zinatuliza kweli, ukitaka kuwakamata usiku ni raha. Mayai ndiyo yaliyotulia zaidi! Mwanga mwekundu ndio unaopenya fuvu vizuri, wa bluu mwingi unaishia njiani. Nikabadilisha, nikaweka ya njano, ambayo mwanga wake una wekundu ndani.

Mwingine akasema washa jioni, zima saa tatu. Ukizima ghafla, kuku wanakutwa chini, hawaoni vichanja, wanarundikana kona moja na kukandamizana. Alfajiri haina shida hiyo: taa inawaka saa kumi na nusu, jua linaikuta, na jioni giza linaingia taratibu wakiwa wanapanda wenyewe.

Shida ikawa umeme. Taima ya kuzungusha kwa mkono inasimama umeme ukikatika, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, kwa hiyo taa yangu ikawa inawaka saa nne asubuhi, jua la Dodoma limeshapasua vichwa. Nikachukua betri ya pikipiki iliyokataa kupiga stata, paneli ndogo iliyokuwa inapigwa vumbi stoo, na taima ya volti 12 yenye kibetri chake cha kutunza saa. Betri iliyoshindwa pikipiki inawasha balbu ndogo bila jasho. Yote yalinigharimu elfu thelathini na kitu, na sehemu ya hizo ni soda ya fundi. Tangu hapo umeme ukatike usikatike, siku ya kuku wangu haiyumbi. Usije ukaipunguza wakiwa wanataga, wataacha.

Jirani alipoona trei zinatoka akataka kuwawekea mitetea wake wa miezi mitatu. Nikamkatalia: ukiwarefushia siku mwili haujakomaa, wanataga mapema vijiyai vya kuchekesha, na wengine kizazi kinatoka nje. Asubiri wakaribie kutaga, aongeze nusu saa kila wiki. Akakubali. Jana kanipigia simu kwa furaha, kapata balbu za bei ya kutupa. Za bluu.