Asali nzito au asali yenye mnato?

Nauza asali Arua, Uganda, na ugomvi karibu wote wa wateja hutokana na neno moja: nzito. "Dada, hii nyepesi, mmetia maji." Aliyezoea asali ya Kabale, mji wa baridi ulio juu ya meta 1,800, akiinamisha chupa hapa mchana wa jua kali, anaona inakimbia na kuamini ameibiwa.

Nikaamua kuyatenganisha maneno mawili. Uzito ni kile inachosema mizani. Mnato ni ukaidi wa kutiririka, ile namna asali inavyojivuta ikitoka kijikoni. Tunaposema "uji mzito" tunamaanisha mnato. Jikoni haidhuru, ila penye pesa inaleta shida.

Kilichonisaidia zaidi ni mafuta ya simsim. Nayamimina kwenye glasi ya maji mbele ya mteja. Yanatiririka polepole kuliko maji, maana yana mnato mkubwa, lakini yanaelea, maana ni mepesi. Kisha namimina asali, nayo inazama hadi chini. Akishaona kwa macho yake, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Lita 1 ya asali nzuri ina takriban kilo 1.4, kwa hiyo jerikeni ya lita 20 inakaribia kilo 28. Joto likipanda kutoka nyuzi 15 hadi 30, uzito wa lita hiyo haupungui hata kwa asilimia 1. Mnato ndio unaoporomoka, mara kadhaa.

Na maji je? Yakiongezeka kutoka asilimia 18 hadi 20, lita inapungua uzito kwa takriban asilimia 1 tu, lakini mnato unashuka waziwazi. Kwa hiyo wanaoinamisha chupa hawakosei, mradi chupa wanazolinganisha ziwe na joto moja. Mimi natumia rifraktometa: tone moja, unasoma kiasi cha maji. Viwango vya kimataifa vya chakula, vya Codex, haviruhusu zaidi ya asilimia 20 kwa asali ya kawaida, na ikizidi hapo huwa rahisi kuchacha.

Siku hizi nauza kwa kilo, na lebo inataja kiasi cha maji. Wateja wangali wanasema "asali nzito", nami siwakatazi. Nawauliza tu: nzito ya mizani, au ya mnato?