Tunauza usingizi: siku moja maishani mwangu katika nyumba ya wageni ughaibuni

Saa 10:45 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia, na jambo la kwanza ni kutega sikio. Nyumba hii ya vyumba vitano nimeshaizoea kwa sauti zake: bomba la chumba namba 3 likifunguliwa, ukuta wa jikoni unanguruma, kipandio cha nne cha ngazi kinalia ukikikanyaga upande wa kushoto. Sasa hivi kimya. Wageni saba wamelala fofofo, nami namshukuru Mungu, maana hicho ndicho walichonilipia. Watu wanadhani tunauza vyumba. Huu ni mwaka wangu wa tatu nikiendesha nyumba ya wageni kwenye nchi ya watu, na kwa ninavyoona mimi, tunauza usingizi.

Saa 11

Nashuka kwenye tangi la maji ya moto. Kipimo kinasoma nyuzijoto 61. Sikubali kishuke chini ya 60, kwa sababu kati ya 20 na 45 ndipo bakteria wa Legionella wanapozaliana, na mtu huwavuta pamoja na matone madogo ya maji anapooga. Jina hilo lilitokana na msiba. Mwaka 1976, baada ya mkutano katika hoteli moja ya Philadelphia, Marekani, wanachama wa American Legion, chama cha askari wastaafu, walianza kuugua homa ya mapafu, na zaidi ya 25 wakafa. Mdudu mwenyewe alikuja kutambuliwa mwaka uliofuata.

Chumba namba 5 hakijalaliwa tangu wiki iliyopita. Nafungua dirisha, kisha mabomba yote, ya moto na ya baridi, nayaacha yatiririke dakika kadhaa ili maji yaliyotuama yatoke. Mgeni wa jioni hatajua kama nilipita humu.

Saa 12:30 asubuhi

Kifungua kinywa. Jana jioni niliandika kwenye kadi nani hali nini. Sheria za Umoja wa Ulaya zinataja aina 14 za vyakula vinavyodhuru baadhi ya watu, ambazo lazima mteja aambiwe kama zimo. Hata ukifungulia nchi isiyo na sheria hiyo, ibandike orodha ile jikoni. Leo nina kijana anayedhurika na karanga, na kisu chake na ubao wake viko kando tangu jana.

Saa 2:30

Wenzake wakishaondoka, kijana huyo anabaki mezani. Ana ndoto ya kufungua nyumba kama hii nje ya nchi yake, na anataka kujua mtaji kiasi gani.

"Mdogo wangu," namwambia, "mtaji ni swali la tatu."

La kwanza ni kibali chako cha ukaazi. Kinakuruhusu kujiajiri, au kuajiriwa tu? Mtu anaweza kukaa kihalali miaka mingi, lakini siku anayofungua biashara yake akawa amevunja masharti. La pili ni jengo lenyewe, na hapo namsimulia yangu. Nilisaini mkataba wa pango kwanza, halmashauri nikaenda baadaye. Kumbe nyumba ilikuwa imeandikishwa kuwa makazi ya familia. Kuigeuza iwe ya kulaza wageni wanaolipa kulitaka kibali kingine, milango ya kuzuia moto, kengele za moshi zilizounganishwa ili moja ikilia zote zilie, na ukaguzi juu ya hayo. Miezi mitano nililipa kodi ya nyumba tupu. Jioni nilikuwa nakaa kwenye kipandio kile cha nne, nikihesabu akiba inavyoyeyuka.

Anaandika kila neno kwenye simu. Namwongezea habari ya bima: ile ya kawaida ya nyumba mara nyingi haimtambui mgeni anayelipa. Akiteleza bafuni, mzigo unakuwa wako.

Saa 5

Vyumba. Kwangu hiki ndicho kiini cha siku, na hata nikipata msaidizi, namba 2 nafanya mwenyewe.

Kila kitanda kina seti tatu za shuka: moja imetandikwa, moja inafuliwa, moja iko kabatini. Mwaka wa kwanza nilikuwa na mbili, na mashine ilipoharibika nilikausha foronya kwa pasi hadi usiku wa manane. Navua shuka, nawasha tochi ya simu, napita nayo polepole kwenye mshono wa godoro, kona hadi kona. Natafuta vidoa vyeusi mfano wa ncha ya kalamu na maganda membamba yenye rangi ya asali. Kunguni hajali nyumba safi wala chafu. Anasafiri kwenye begi. Leo hamna kitu. Shuka zinaingia kwenye mashine kwa nyuzijoto 60.

Nikishatandika, navua viatu na kujilaza dakika moja, kichwa juu ya mto wa mgeni. Ukiwa umesimama huwezi kuona kwamba taa ya barabarani inapenya pembeni mwa pazia na kumwangukia mtu machoni. Leo nasikia kitu kingine: saa ya ukutani, tik, tik, tik. Mwezi mzima iko pale na hakuna aliyelalamika. Naitoa.

Saa 8 mchana

Hesabu. Tovuti kubwa za kuuzia vyumba zinachukua karibu asilimia 15 ya kila malipo, kwa hiyo mgeni anayerudi namwomba anipigie moja kwa moja. Halafu nakagua kalenda. Ukiuza kupitia tovuti mbili, kalenda zao zinaweza kuchelewa kwa saa kadhaa kupeana taarifa, na katika saa hizo chumba kimoja kikanunuliwa na watu wawili. Lilinipata mara moja. Familia nzima ilisimama mlangoni usiku, mtoto amelala begani. Niliwapa chumba changu, nami nikalala jikoni. Tangu hapo nafunga tarehe kwa mkono mara tu chumba kinapochukuliwa.

Saa 10 jioni

Wageni wapya, pasipoti, fomu. Katika nchi za Schengen, yaani zile za Ulaya zilizoondoleana ukaguzi wa mipakani, mkataba wa 1990 unamtaka mwenye nyumba ahakikishe mgeni wa kigeni anajaza fomu na kuisaini. Kila nchi ina utaratibu wake. Ulizia wako kabla hujapokea mgeni wa kwanza.

Saa 4:40 usiku

Mgeni wa chumba namba 5 anafika, mama mtu mzima, peke yake, begi amelikumbatia. Namkaribisha kwa lugha ya hapa, yangu ina lafudhi na yake pia. Nampeleka juu. Hatazami kitanda wala dirisha. Anashika kitasa, ananiuliza kwa sauti ya chini kama mlango unafungwa kwa ndani.

"Unafungwa, mama. Zungusha ufunguo mara mbili, hivi."

Nashuka. Nasikia ufunguo ukizunguka mara moja, mara ya pili, kisha bomba likifunguliwa. Nazima taa ya mapokezi na kukaa kidogo kwenye ngazi mpaka maji yanapoacha.