Mkono wa Kushoto

Nililelewa nikikatazwa kutoa wala kupokea kitu kwa mkono wa kushoto, na kwa zaidi ya miaka 30 mkono huo ulikuwa msindikizaji tu. Nilipoanza kusomea ubingwa bobezi wa magonjwa ya mfumo wa chakula na ini, baada ya miaka 5 ya shahada ya udaktari, mwaka 1 wa mafunzo kwa vitendo na miaka 3 ya ubingwa wa magonjwa ya ndani, nilikuta kwamba kazi nyeti ya endoskopia, yaani kuchungulia ndani ya tumbo kwa mpira wenye kamera, ni ya mkono huohuo. Kidole gumba cha kushoto huzungusha gurudumu linaloinua na kuinamisha ncha ya mpira huo, huku vidole vya jirani vikicheza na vitufe vya hewa, maji na kufyonza. Wa kulia husukuma, huvuta na kuupinda mpira, basi.

Kila mwanagenzi husukuma. Nami nilisukuma, kioo cha skrini kikageuka chekundu kitupu, maana yake kamera imegandamana na ukuta wa tumbo na hakuna kinachoonekana. Mwalimu wangu, ambaye hana desturi ya kupandisha sauti, alisema neno moja: "Rudi." Anayepotea humo ndani hurudi nyuma mpaka aione njia. Nililisikia neno hilo kwa miezi kadhaa kabla gumba halijaanza kwenda lenyewe.

Mgonjwa wa kwanza niliyemfunga mishipa ya umio alikuwa mvuvi kutoka visiwa vya Ziwa Victoria, hajafika miaka 35, ametapika damu mara mbili, na huko alikotoka alikuwa akitibiwa vidonda vya tumbo. Bandama lake lilikuwa limevuka kitovu, lakini macho yalikuwa meupe na vipimo vya ini vilikaribia vya mtu mzima wa afya. Mimi niliyezoea ini lililosinyaa kwa pombe au kwa homa ya ini B nilishindwa kuelewa ini linalofanya kazi vizuri namna hii linamtapishaje mtu damu. Jibu lilikuwa kichocho cha matumbo. Minyoo yake huishi katika veini za utumbo, na sehemu ya mayai yao huchukuliwa na damu hadi kwenye ini, yakakwama katika matawi madogo ya mshipa unaoingiza damu humo. Mwili huyazungushia makovu, matawi yakabanwa, na damu iliyokosa njia ikarudi kulijaza bandama na kuzivimbisha veini nyembamba za umio, ambazo hazikuumbwa kwa mzigo huo. Chembe za ini zenyewe mara nyingi husalimika, na ndiyo maana nawapenda wagonjwa hawa, kama daktari anaruhusiwa kusema hivyo: ukiizuia damu, umebaki na mtu mwenye ini lake.

Ncha ya mpira tuliivalisha kikofia cha plastiki chenye pete ndogo za mpira. Unaufyonza mshipa uingie kikofiani mpaka kioo kiwe chekundu, wekundu uleule nilioonywa miezi yote, safari hii ndio unaotakiwa, kisha unazungusha kitasa na pete inaruka kuukaba mshipa shingoni. Nilifunga pete 5, mwalimu akiwa amesimama, mikono nyuma.

Kazi hii hurudiwa kila baada ya wiki chache mpaka mishipa inywee, kwa hiyo tulizoeana. Nilikuwa nimempa prazikwanteli, ambayo huua minyoo ingawa makovu ya zamani hubaki, na siku moja nikamweleza kwamba akirudi ziwani ataambukizwa tena, hivyo asikose dawa za kichocho zinapogawiwa.

"Dokta," akanijibu kwa upole, "vile vidonge huletwa shuleni, wanapewa watoto. Sisi wa mwaloni hatujawahi kuitwa."

Niliandika tarehe yake ya kurudi kwenye kadi, kwa mkono wa kulia.