Kompyuta ikiganda kwenye logo, soma kwanza inalalamikia nini

Mashine yenyewe ni desktopu kuukuu ya dukani kwa shangazi, huku Ngamiani, Tanga, anatoa kopi na kuchapa barua za watu, fomu za chuo, mambo ya CV. Ina Ubuntu, mfumo wa Linux badala ya Windows, maana fulashi za wateja zilikuwa zinaleta virusi kila leo. Sasa ikaanza visa, ukiwasha inaleta logo, kile kiduara kinazunguka weee, mteja kasimama na karatasi yake mpaka anahamia duka la jirani. Mara iwake kwa kuchelewa, mara igande kabisa. Fundi mmoja kaja, kaitazama hivihivi bila hata kuifungua, kasema diski imekufa, toeni 80,000. Shangazi akanipigia, "Mwanangu, hebu njoo uitazame kabla sijampa mtu hela yangu."

Mi ile logo naichukulia kama pazia tu. Nyuma yake kompyuta inaongea muda wote, inataja kila kifaa inachokikuta na kinachogoma inakitaja pia, kwahiyo cha kwanza ni kulitoa pazia. Unawasha huku umeshikilia Shift, zile mpya zaidi, za UEFI, unagonga Esc, inakuja menyu ya GRUB, kile kiprogramu kinachoiwasha Linux, unabonyeza e, unatafuta mstari unaoanza na linux, kule mwishoni yapo maneno quiet na splash, futa hayo mawili tu usiguse kingine, alafu F10. Wala usiogope, hayo mabadiliko ni ya kuwasha mara hiyo moja, ukiwasha tena yanarudi ya zamani.

Hapo maandishi yanashuka mbio hata husomi. Nachukua simu narekodi video, ntasimamisha baadae. Na sisomi yote, nani ana muda huo. Natazama namba za kushoto zilizo kwenye mabano ya mraba, zile ni sekunde tangu kaneli, yaani kiini cha Linux, ianze kazi. Zikienda 2, 3, 4 poa. Zikiruka toka 6 mpaka 96 ujue kuna kitu kimesubiriwa hapo katikati, mistari ya hapo ndo ya kuibana. Kingine natafuta mstari unaojirudiarudia. Ila neno error peke yake lisikutishe jamani, ile ACPI BIOS Error nimeiona kwenye mashine kibao zinazopiga kazi bila shida, Linux inalalamika kidogo alafu inaendelea na safari.

Ya shangazi ilikuwa na yote mawili, na ndo maana ilikuwa inachanganya watu. Kwanza ilikaa kwenye "A start job is running for" na jina refu la diski, inahesabu mpaka 1min 30s, ikimaliza inaandika "Dependency failed" kwenye swapu, ile sehemu ya diski inayoisaidia RAM, alafu inaendelea. Yaani inasubiri kitu ambacho hakipo. Nikamuuliza shangazi kuna mtu kaigusa? Kumbe binamu alichomoa diski ya pili yenye miziki yake kaondoka nayo Dar, na swapu ilikuwa humo. Nikafungua terminal nikapiga sudo blkid, inataja patisheni zilizopo, nikalinganisha zile UUID, namba zao za utambulisho, na zilizomo kwenye /etc/fstab, faili la orodha ya patisheni za kufungua wakati wa kuwasha, moja haipo popote, nikaweka # mbele ya mstari wake ili usisomwe, nikamalizia na sudo update-initramfs -u ili mafaili ya kuwashia nayo yatengenezwe upya. Na bahati ilikuwa swapu, ingekuwa patisheni ya mafaili bila nofail (neno la kusema isipokuwepo endelea tu) kwenye mstari wake ingemtupa emergency mode, skrini ya kuandika amri tu, na shangazi asingejua pa kushika.

La pili ndo lilikuwa linagandisha. "ata1.00: failed command: READ FPDMA QUEUED", yaani kusoma diski kumeshindikana, inafuata "hard resetting link", inajaribu kuunganisha upya, inarudia, inarudia, mwisho inajishusha spidi mpaka 1.5 Gbps. Hapa hata mi nilimwona fundi ana hoja, diski inayokufa nayo inalia hivyohivyo. Lakini kebo mbovu pia inalia hivyo, kwahiyo kabla ya kutoa hela nikainstoli smartmontools, inayosoma kumbukumbu za afya ya diski, nikapiga sudo smartctl -a /dev/sda. Reallocated_Sector_Ct sifuri, Current_Pending_Sector sifuri, hizo mbili ndo zinahesabu sehemu mbovu za diski, ila UDMA_CRC_Error_Count imepanda vibaya. Hiyo ya mwisho inahesabu data zilizoharibika njiani, kati ya diski na mazabodi. Diski ni nzima, njia ndo mbovu. Kufungua, kichwa cha kebo ya SATA, ile inayounga diski na mazabodi, kimelegea, ukikigusa kinacheza, na vumbi la karatasi humo ndani usiseme. Kebo nyingine nimeipata kwa 5,000.

Kwa mashine iliyoganda ukaizima kwa nguvu, ikiwaka tena piga journalctl -b -1 -p err, inakupa makosa ya ule uwashaji uliopita. Ila kama iliyopotea ni diski yenyewe basi hata logi haikupata pa kuandikwa, hapo ndo utaishukuru ile video ya simu.

Ile namba ya CRC usitegemee irudi sifuri, haifutiki, cha kuangalia ni isipande. Juzi nilipita nikaicheki, ipo palepale.